Mnyama Hakutokea Ghafla, Dereva

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na madereva wenzangu, hasa wanaopita usiku kati ya Dodoma na Iringa. Mimi ni dereva mstaafu. Kwa miaka 19 nimeendesha Fuso, na mzigo wangu mkubwa ulikuwa samaki wa bwawa la Mtera, perege na kambale, kuwaleta soko la Majengo hapa Dodoma. Samaki hawasafirishwi mchana kwa jua la Ugogo; barafu inaisha kabla hujafika Manzase. Tulikuwa tunapakia jioni, tunalala kidogo, tunaondoka saa saba usiku, na alfajiri akina mama wachuuzi wanatukuta tumeshashusha matenga. Kwa hiyo barabara ile naifahamu gizani kuliko mchana.

Kilichonisukuma nishike kalamu ni safari ya wiki mbili zilizopita. Nilikuwa naenda msibani Iringa, nimekaa kiti cha mbele kabisa, upande wa kondakta. Basi silitaji. Tulichelewa kutoka stendi, jua likazama tukiwa bado hatujafika Chipogolo. Kwenye lile eneo la vichaka, tumeshamaliza kushuka mlima Fufu, digidigi akatoka kushoto. Nilimwona mimi, mzee wa miaka 64 mwenye mtoto wa jicho upande mmoja. Alisimama pembeni ya lami, akageuza masikio, akaingia. Dereva hakuinua mguu kwenye mafuta. Kilisikika kishindo kidogo tu, kama mtu amepiga debe kwa kiganja, basi likaendelea. Kondakta akasema, "Kametokea ghafla." Abiria mmoja nyuma yetu akasema laiti tungesimama tukaokota kitoweo. Watu wakacheka. Nikamwambia dereva, "Mwanangu, yule nimemwona tangu yuko kwenye nyasi." Akanijibu kwa adabu, "Mzee, na mimi nilimwona. Sasa ningefanyaje?"

Ndani ya basi lenye muziki ule sikuweza kumjibu. Namjibu hapa.

Nianze na hilo neno "ghafla", kwa sababu nimelisema mwenyewe mara nyingi mno. Digidigi si msafiri. Ni mnyama wa kilo nne au tano hivi, anaishi wawili wawili, dume na jike, katika kipande kimoja cha vichaka ambacho hawakihami. Mipaka yao wanaiweka kwa kinyesi. Ukishuka mchana utaona marundo ya punje ndogo nyeusi, mahali palepale, mwaka nenda mwaka rudi. Barabara ilipochongwa ilipita katikati ya makazi yao, kwa hiyo malisho yapo kushoto na kivuli kipo kulia, nao watavuka leo, kesho na keshokutwa, zaidi jua likizama na alfajiri. Mbele kidogo ya Chipogolo, penye mbuyu wenye shimo la kuingia mtu mzima, palikuwa na jozi moja niliyopishana nayo miaka mingi. Nikiukaribia ule mbuyu, naondoa mguu kwenye mafuta. Mmoja akishavuka, namngoja wa pili, maana hakosi. Sasa mnyama unayejua anakaa wapi, anavuka saa ngapi, na mwenzake yuko nyuma yake, utasemaje katokea ghafla? Yeye ndiye mwenyeji pale. Kilichotokea ghafla ni gari.

Halafu kuna hesabu, ambayo mimi nilijifunza nimechelewa. Gari likiwa 80 linakata mita 22 kila sekunde. Ukiona kitu, mpaka akili ikubali na mguu ufike kwenye breki, imepita kama sekunde moja na nusu. Hizo ni mita 33, na gari halijaanza hata kupungua. Taa za chini, zile unazoweka ukipishana na mwenzako, zinakuonesha vizuri mita 40 hivi, au 50 kama kioo ni kisafi. Kwa hiyo breki inaanza kushika mnyama akiwa hatua chache mbele ya bampa. Ukiwa 50, muda uleule umekula mita 21 tu, na bado una nafasi ya kusimama au angalau kumpa yeye nafasi ya kutoka. Ndiyo maana nasema, kijana wangu, ukishamwona uko 80 ni kweli huna la kufanya. Ulichotakiwa kufanya ulitakiwa ukifanye kilomita mbili nyuma, pale vichaka vilipoanza.

Lakini hayo ni maneno. Niseme kilichonibadilisha mimi.

Ilikuwa mwezi wa kumi, muda mfupi baada ya lami kukamilika upande wetu. Wanaokumbuka ile barabara ya zamani wanajua: vumbi, makorongo, mawe, ukifika 40 umekimbia sana. Mtera hadi Dodoma ilikuwa kazi ya usiku mzima. Fisi alikuwa anakusikia tangu uko mbali, anakaa pembeni, anakungoja upite na mtikisiko wako. Lami ilipokuja tukawa kama mbuzi waliofunguliwa kamba. Usiku ule nilikuwa juu ya 80 na mzigo umejaa, kati ya Chipogolo na pale mlima Fufu unapoanza kupanda. Niliona macho mawili ya kijani katikati ya barabara, yako chini, kama ya mtu aliyeinama. Nikapiga honi. Macho yakainuka, na papo hapo tukagonga.

Nilisimama mbali mbele kwa sababu nilisikia harufu ya maji ya rejeta. Kijana wangu wa gari, mtu wa Manyoni, akanishika mkono. "Mzee, usishuke. Huyo si mnyama." Anayeijua Dodoma na Singida anaelewa alikuwa anasema nini. Fisi wa usiku wa manane kwetu husemwa ana mwenyewe, ametumwa. Mimi ni Mgogo, habari hizo nimelelewa nazo, na simdharau anayeziamini. Lakini rejeta ilikuwa inavuja na lazima nione. Nikachukua tochi, nikaangalia mbele ya gari, kisha sijui nini kilinivuta, nikarudi nyuma kwa miguu.

Alikuwa amelala ubavu, mkubwa kuliko nilivyodhani, shingo nene, yale mabaka yake yamejaa vumbi. Mguu wa nyuma ulikuwa bado unatikisika. Nilipomulika tumbo nikaona chuchu mbili zimejaa, maziwa yanatoka yenyewe, yanatiririka kwenye lami yanachanganyika na damu. Na chini ya kidevu chake, kitu kimebandikwa barabarani kama kiraka cha viatu: ngozi ya digidigi. Kwato ndogo moja ilikuwa bado nzima. Nikaelewa kwa nini macho yalikuwa chini. Alikuwa anakula. Kuna dereva mwenzangu alipita mapema usiku ule, akagonga digidigi, akasema katokea ghafla, akaenda zake. Nyama ile ikamwita fisi barabarani, na mimi nikaja.

Nikafanya nini? Samaki walikuwa wanaharibika. Tukaziba rejeta kwa sabuni ya mche, tukajaza maji, tukaondoka. Nikamwacha pale pale alipolala, na digidigi wake.

Siku ya pili yake nilirudi Mtera mchana, gari tupu. Pale mahali yule fisi alikuwa amekuwa kapeti. Pembeni, kwenye changarawe, alikuwepo tai anarukaruka, bawa moja linaburuta. Tai akishashiba ni mzito, hawezi kuruka papo kwa papo, anahitaji kukimbia kwanza, na gari haliwezi kumngoja. Nikasimama nikamtazama. Alinigeukia, akafungua mdomo bila kutoa sauti, akazidi kujiburuta kwenda kichakani. Baadaye askari mmoja wa wanyamapori tuliyezoeana Mtera, tukiwa tunakunywa chai, nilimsimulia habari ya maziwa. Akaniambia fisi jike hunyonyesha zaidi ya mwaka, na watoto wake wanamtegemea yeye. Majike wengine kwa kawaida hawanyonyeshi watoto wasio wao. Kwa hiyo kulikuwa na shimo mahali fulani kwenye vile vilima, mna mtoto mmoja au wawili waliomngoja mama siku ile, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Digidigi mmoja aliyeachwa barabarani aliniletea yote hayo. Na mimi nilipoacha mzoga wangu nilimletea mwingine.

Tangu hapo nikaweka kwenye kebini sepetu, gunia na glavu za kazi. Nikikuta mzoga, uwe wangu au wa mwingine, nasimama. Taa za hatari zinawaka, kijana anaweka matawi nyuma ya gari, anamulika, mimi naburuta mnyama hatua kama ishirini ndani ya kichaka, upande uleule ambao hautawafanya walaji wavuke. Dakika tano. Matawi tunayaondoa tukimaliza, maana matawi yanayoachwa barabarani nayo yanaua watu. Hakuna siku nilifukuzwa kazi kwa dakika tano.

Sasa kuna jambo ambalo madereva wengi wataniambia, na wana haki. Ukikutwa na askari umeshika mzoga wa mnyamapori usiku, nani atakuamini kwamba hukuwinda? Kumiliki nyara za Serikali bila kibali ni kosa zito, kuna watu wako gerezani kwa hilo. Hofu hii ndiyo inayowafanya hata madereva wema wakanyage mafuta wakishagonga. Ushauri wangu ni kwamba usipakie kitu chochote kwenye gari, si nyama, si ngozi, hata ukucha. Yule abiria aliyetaka kitoweo alikuwa anamtafutia dereva kesi. Buruta, acha, kisha toa taarifa kijiji kinachofuata au kituo cha polisi. Ila nawaomba TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na Jeshi la Polisi watusaidie. Watangaze waziwazi, redioni na kwenye mbao stendi, dereva mwaminifu aliyegonga mnyama nje ya hifadhi afanye nini na apige namba gani. Dereva akijua kwamba kusema ukweli hakumpeleki mahabusu, atasimama.

Maana tatizo la mnyamapori ni kwamba hana wa kumdai. Ukigonga mbuzi wa mtu pale Manzase utashuka utake usitake. Mwenyewe atatoka, na ndugu zake, na mwenyekiti wa kitongoji, mtasuluhishwa hapo hapo, utalipa. Ndiyo sababu tukiona mbuzi tunapunguza mwendo hata kama yuko mita mia. Digidigi naye ana mwenyewe. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inasema wanyamapori wote wa Tanzania ni mali ya umma, wako chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Haikusema wale wa ndani ya hifadhi peke yao.

Na sisi madereva tunajua kuendesha taratibu tukitaka. Nikiwa kijana nilikuwa tandiboi kwenye malori ya Dar kwenda Iringa. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kilomita 50. Humo mwendo umewekewa kikomo, kuna matuta, na pana ubao wenye orodha ya wanyama na faini zao kwa dola za Kimarekani. Twiga ni dola 15,000. Niliwaona madereva wenye sifa za ukorofi kutoka Kariakoo mpaka Tunduma wakifika pale wanakuwa wapole kama wanabeba mgonjwa. Dereva ni yuleyule, lori ni lilelile, wanyama ni walewale. Tukivuka mwisho wa hifadhi, mguu chini. Kana kwamba pundamilia na swala wanasoma bikoni na kurudi nyumbani wakifika mpakani.

Kanda yetu imezungukwa na mapori. Magharibi huko Manyoni kuna Rungwa, Kizigo na Muhesi. Kaskazini, upande wa Kondoa, kuna Swagaswaga na Mkungunero. Kusini, ukishavuka Mtera, uko jirani na Ruaha. Kati ya hayo yote kuna vijiji, mashamba ya uwele na alizeti, na barabara za lami ambazo tuliziomba kwa miaka na tukazipata. Sisemi lami ni mbaya. Imeokoa wajawazito wa Mlowa, imeleta samaki mjini kabla hawajaoza. Lakini magari yameongezeka sana tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na tangu 2023 mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku kucha, zile saa ambazo barabara ilikuwa ya wanyama nazo tumezichukua. Tukichukua saa zao tupunguze mwendo wetu, ndiyo haki ninayoiona mimi.

Kuna desturi yetu moja inaniuma. Tukikuta trafiki na tochi ya kupima mwendo, tunawashiana taa, kila anayekuja tunamwonya. Nimeonywa na madereva nisiowajua maelfu ya mara, kwa faini ya shilingi 30,000. Lakini katika miaka 19 sikumbuki dereva aliyeniwashia taa kunionya kwamba mbele kuna kundi la nyani linavuka, au fisi yuko barabarani anakula. Lugha ya taa tunayo. Mimi nilianza kuwasha mara tatu na kutoa mkono dirishani kuushusha chini, na madereva wa samaki wachache tukaelewana. Haigharimu kitu.

Mpwa wangu anaendesha Coaster ya Dodoma na Kondoa. Nilimweleza haya yote, akanisikiliza, kisha akasema, "Mjomba, mimi nikienda 50 abiria watanipigia kelele, na tajiri atauliza kwa nini wenzangu wanatangulia kituoni." Hilo nalielewa, nimelala nalo. Tajiri wangu mwenyewe aliwahi kunipigia simu saa kumi alfajiri kuniuliza niko wapi. Nikamwonesha hesabu. Sehemu zenye vichaka vizito kati ya Mtera na Mlowa, ukiziweka pamoja, ni kama kilomita 60. Kwa 80 ni dakika 45. Kwa 50 ni saa moja na dakika 12. Tofauti ni dakika 27. Soko la Majengo halifungwi kwa kuchelewa dakika 27. Na yule fisi alikuwa ametugharimu rejeta, shoo ya mbele na taa moja, shilingi 480,000 ukijumlisha na fundi. Tajiri alinyamaza, kisha akasema, "Basi ondoka nusu saa mapema." Tukaondoka saa sita na nusu badala ya saa saba mpaka nilipoacha kazi. Matajiri wengine nao wangeweza kusema neno hilo moja.

Najua wapo watakaosoma barua hii na kusema watu wanakufa barabarani kila siku, mzee huyu analilia fisi. Nimezika madereva wenzangu sita, siwezi kusahau watu. Mwendo unaomuua digidigi saa kumi na mbili jioni pale Fufu ndio huohuo unaomuua mtoto anayevuka na ndoo ya maji asubuhi, kwa sababu wote wawili wanavuka palepale, penye njia ya kwenda korongoni. Na kuna wanyama ambao ukiwagonga anayezikwa ni wewe. Mtera usiku viboko wanatoka majini kwenda malishoni. Kiboko ana tani moja na nusu au zaidi, ngozi yake ni rangi ya lami, yuko chini, hutamwona mpaka yuko kwenye taa. Wapishe wale kwa heshima zote.

Kwa vijana wanaoanza, niseme nilichojifunza kwa mikono. Ukimwona mnyama, shusha taa. Akimulikwa na taa kali haoni barabara wala kichaka, anaona ukuta mweupe, atasimama au atakimbia mbele yako kufuata mwanga. Piga honi fupi, shika breki ukiwa umenyooka, usikwepe kwa usukani ukiwa na mzigo. Matenga yakihamia upande mmoja Fuso inalala. Kile kindege kinachokaa juu ya lami usiku, kirukanjia, kinafuata joto na wadudu, ukipunguza kidogo tu kinaruka. Kobe wanatoka mvua za kwanza za Desemba, wanahitaji muda, na mara nyingi nafasi ya kumpita bila kumkanyaga ipo. Nyani wakivuka, nyuma wanaweza kuwepo mama wenye watoto mgongoni, kwa hiyo usipenye katikati ya kundi ukidhani wamekwisha. Na abiria mtusaidie: pale milima ya Nyang'oro mnawatupia nyani mahindi na ndizi dirishani, mnapiga picha, mnafurahi. Mnawafundisha kungoja chakula kwenye kona, na gari linalofuata halina ndizi.

Kwa wenye mamlaka nina mawili tu. La kwanza ni kwa LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu. Mabasi yamefungwa kifaa kinachoonesha mwendo, na dereva akizidi 80 anaonekana. Ni kazi nzuri, abiria tumeona mabadiliko. Kifaa hicho kinajua basi liko wapi. Kwa hiyo kiwekewe na maeneo ya wanyama, kwamba kuanzia jua kuzama hadi kuchomoza, kipande hiki na hiki mwisho ni 50. Malori nayo yafuate. La pili ni kwa TANROADS, wakala wa barabara. Nyasi za kando zifyekwe mapema mvua zikianza kuisha, si zikiwa zimeshakauka na kumficha mnyama msimu mzima, na alama ya wanyama iwekwe penye kivuko chenyewe. Ipo alama moja naifahamu iliyowekwa mahali peupe ambapo sijawahi kuona hata sungura, na nyingine ya penye kivuko ilikatwa na wezi wa chuma chakavu ikabaki kisiki. Wanaokaa kando ya barabara wanajua wanyama wanapita wapi. Tuulizwe.

Mimi nipo hapa Mlowa Barabarani. Kati ya hapa na Mtera nina vivuko 14 ninavyovifahamu kwa macho yangu, nimeviandika kwenye daftari la shule la mjukuu wangu, kila kimoja na alama yake: mbuyu wenye shimo, kalavati lililobomoka ukingo, kona ya pili baada ya kumaliza mteremko, na kadhalika, pamoja na mnyama anayepita na saa zake. Nakala moja nitaipeleka mwenyewe ofisi ya barabara Dodoma baada ya kuvuna. Dereva anayetaka kunakili asimame mchana kwenye vibanda vya barabarani, aulize nyumba ya mzee wa samaki. Na yule kijana wa basi la Iringa, kama gazeti hili litamfikia, mwanangu, anza na mbuyu. Mwenzake yule digidigi uliyemgonga bado yuko pale.

Dereva mstaafu,
Mlowa Barabarani, Chamwino,
Dodoma.
(Jina langu kamili nimemwachia Mhariri.)